Wajukuu wa Loisi

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, naye amekwisha kujua ya kuwa siku zake za kukaa duniani zimebaki chache, alimwandikia waraka wa pili kijana wake Timotheo, ambaye alimpenda kama mwana wa kumzaa, na katika maneno ya mwanzo kabisa ya waraka ule, kabla hajampa amri hata moja wala kumtahadharisha na walimu wa uongo, alimtajia mwanamke mmoja ambaye Maandiko hayamtaji tena mahali pengine popote, yaani Loisi, bibi yake. Baada ya Loisi akamtaja Eunike, mama yake, na hapo ndipo alipomfikia Timotheo mwenyewe, kana kwamba habari za imani ya kijana yule hazikuweza kusemwa pasipo kuanza na kikongwe aliyemtangulia. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na mji wao wa Lustra ndio ule ambao watu wake walitaka kuwachinjia Paulo na Barnaba ng'ombe wa sadaka, wakidhani kwamba ni miungu iliyoshuka kwa mfano wa wanadamu; mtoto huyu, basi, alikulia mahali ambapo ibada ya masanamu ndiyo iliyokuwa desturi ya wengi, na alichokuwa nacho yeye ni nyumba moja yenye wanawake wawili waliomcha Mungu. Paulo ndiye aliyemwekea mikono, ndiye aliyesafiri naye bara na bahari, na lau angalitaka kumkumbusha mafundisho yake mwenyewe kabla ya kitu kingine chochote angalikuwa na haki; walakini mwisho wa safari alimrudisha kwanza nyumbani kwa bibi. Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, nalo ndilo ninalotaka kuzungumza nanyi jioni hii.

Aghalabu tunapozungumza juu ya malezi ya dini tunafikiria mafundisho: katekisimu, Amri Kumi, masomo ya ubatizo na ya kipaimara, na darasa la watoto la kila Jumapili, nami sidharau hata moja katika hayo, kwani pasipo mafundisho imani hugeuka kuwa mazoea matupu. Lakini kwa yale niliyoyaona katika ukoo wetu, na kwa yale niliyoyasoma katika habari za watu wakubwa wa Kanisa, nimesadiki ya kwamba imani ya wazee hukaa ndani ya mtoto hasa kwa yale ambayo wazee hawakuyafanya kwa ajili yake, bali waliyafanya kwa haja ya roho zao wenyewe mbele ya Mungu, naye mtoto akiwapo tu pembeni, akiona na kusikia, pasipo mtu kumtia hesabuni.

Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa baba, upande wa Muheza, katika nchi ya Wabondei, ambako Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Waanglikana wa Uingereza, ilianza kazi yake Magila katika miaka ya 1860, na ambako hadi leo Wakristo na Waislamu hukaa mlango kwa mlango, na mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Bibi hakuwa na saa. Kilichomwamsha kila siku ni adhana ya alfajiri kutoka msikiti wa jirani, naye alikuwa akisema kwa shukrani ya kweli kwamba mwadhini yule, ambaye alikuwa mpwa wa marehemu mumewe, amemsaidia kusali kuliko mapadri wengi. Akiisha kuamka hakuwasha taa, kwa kuwa mafuta yalikuwa ya kuhesabu; alijitanda kanga, akatandika mkeka wake, akapiga magoti kuelekea kidirisha cha mashariki, kisha akaanza kusema, si kwa kunong'ona wala si kwa kupaza, bali kwa sauti ile ile aliyoitumia alipozungumza na mgeni aliyemheshimu. Nami nilikuwa kwenye kitanda cha kamba, hatua chache kutoka pale, nimejifunika shuka gubigubi, naye akidhani nimelala.

Alianza na marehemu. Aliwataja kwa majina, mume wake kwanza, kisha wazazi wake, kisha watoto aliowazika wakiwa wachanga, na kwa njia hiyo ndipo nilipopata kujua ya kuwa ninao baba wadogo na mashangazi ambao sikuwaona wala hapana mtu aliyenisimulia habari zao mchana. Alipokwisha wafu akaja kwa walio hai, kwa mfuatano wa kuzaliwa kwao, na hapo palikuwa na mahali ambapo daima alinyamaza: ni alipofika kwa baba yangu mdogo, aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi ya bandarini Kilindini, akaandika barua mbili tatu, kisha zikakatika. Bibi alilitaja jina lake, akakaa kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu au kifupi kwa kadiri ya hali ya moyo wake siku ile. Mimi chini ya shuka nilijifunza kuzuia pumzi hadi aendelee. Kisha alimtaja mwanamke mmoja jirani ambaye alikuwa na ugomvi naye wa mpaka wa shamba, ugomvi ambao ulikwisha kufika barazani kwa wazee mara kadhaa, na hakumwombea mabaya wala hakujifanya kumpenda, bali alimweleza Mungu shauri lote lilivyo, mchungwa kwa mchungwa, akamaliza kwa kusema, "Wewe unatujua sisi sote wawili." Mwisho alinitaja mimi.

Sijapata kusikia mahubiri yaliyonifundisha zaidi ya yale. Nilijua, kabla sijaweza kusoma, ya kuwa wafu ni watu wa nyumbani bado. Ya kuwa mtu ambaye humpendi ana mahali pake katika sala na jina lake hutajwa kamili. Na ya kuwa Mungu huambiwa mambo kama yalivyo, pamoja na mipaka ya mashamba na bei ya chumvi. Na kama bibi angaliniketisha chini akanieleza mambo hayo kwa mpango, nadhani ningaliitikia kwa adabu na kuyasahau.

Nasema hivi kwa kuwa tulikuwa na mtu aliyetufundisha kwa mpango. Baba yangu mkubwa, kifungua mimba wa bibi, alikuwa mwalimu wa dini kijijini, mtu wa ibada, mwenye sauti kubwa na fimbo ya mpera, naye alisadiki kwa moyo safi kabisa ya kwamba mtoto asiyeijua katekisimu yu katika hatari ya roho yake, na kwa hiyo hakumwonea huruma yeyote aliyekosea jibu. Majibu yote tuliyajua. Tuliweza kuyasema tukiwa tumelala. Lakini katika wale tuliosoma pamoja chini ya fimbo ile, walio wengi hawaonekani kanisani leo ila kwa harusi na maziko, na nikizungumza nao juu ya siku zile huniambia habari za fimbo, hawaniambii habari za Mungu. Najua wako wazee watakaochukizwa na neno hili, kwani kizazi chao kililelewa hivyo na wengine wao wakawa watu wema. Hata hivyo nina hakika ya kwamba wema wao haukutoka kwenye fimbo, ulitoka mahali pengine katika nyumba zile zile, mahali ambapo wao wenyewe hawakupaangalia.

Na ushahidi wangu ni huyo huyo baba mkubwa. Msimu mmoja wa machungwa aliuza mavuno yake yote kwa mfanyabiashara wa mjini, na usiku, akihesabu fedha kwenye mwanga wa koroboi juu ya mkeka, aliona ya kuwa noti moja ya shilingi ishirini imezidi. Akahesabu tena, akahesabu mara ya tatu, akazipanga noti zile kwa mafungu. Mkewe, ambaye alikuwa na akili ya biashara kuliko yeye, akamwambia kwamba mfanyabiashara yule ametupunja msimu baada ya msimu kwa kutujazisha matenga hadi yakafanya vilima, na ikiwa leo Mungu amemlipisha noti moja, basi ni nani sisi wa kumzuia Mungu? Baba mkubwa hakumjibu. Asubuhi akavaa koti lake la kanisani, akanichukua nimfuate na kikapu, tukaenda kwa miguu mpaka Muheza. Mfanyabiashara alihesabu upya vitabu vyake, akastaajabu, akataka kumpa nusu ya noti ile kwa ajili ya taabu ya njia. Baba mkubwa akakataa, akasema neno moja tu, kwamba msimu ujao angependa matenga yajazwe mpaka ukingoni na yasizidi hapo. Kisha tukarudi. Njia nzima hakusema lolote juu ya tendo lile, wala hakulitolea mfano darasani, ingawa siku zilizofuata alitufundisha Amri ya Nane kwa ukali wake wa kawaida. Jibu la katekisimu juu ya wizi nimelisahau maneno yake. Vumbi la barabara ile na mgongo wa koti lile mbele yangu sijavisahau, na mara kadhaa katika aushi yangu, nilipokuwa na fedha mkononi isiyo yangu na hapana aliyejua, vimenitosha.

Labda mtasema kwamba haya ni mambo ya kijiji kimoja. Basi na twende mbali kidogo, mpaka Afrika ya Kaskazini, katika nchi ambayo leo huitwa Algeria, ambako mwaka 354 alizaliwa Agostino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo na mwalimu wa Kanisa zima la magharibi. Mama yake ni Monika, ambaye Wakristo wengi wanamjua kwa machozi yake. Baba yake hakubatizwa ila alipokaribia kufa. Agostino alipokuwa mchanga alitiwa ishara ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, lakini alipokua aliiacha njia ya mama yake, akajiunga na Wamanikayo, watu wa dini nyingine, akakaa nao kwa muda wa miaka ipatayo tisa, na mama akafikia hata kukataa kula naye meza moja. Sasa, katika kitabu chake cha Maungamo, Agostino ameeleza jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko machozi yote yale. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alikisoma kitabu cha Cicero, na moyo wake ukashikwa na shauku ya hekima. Ila palikuwa na upungufu uliomzuia asijitoe mzima mzima kwa kitabu kile, nao ni kwamba jina la Kristo halimo ndani yake, jina ambalo yeye alilinyonya pamoja na maziwa ya mama. Zingatieni hali yake: haamini, hasali, anaishi atakavyo, na karibu ataingia katika dini nyingine, walakini kila kitabu anachokifungua anakipima kwa jina lile, wala hajui nani aliyempa kipimo hicho. Alibatizwa na Ambrosi, askofu wa Milano, siku ya Pasaka ya mwaka 387, na mwaka huo huo Monika akafariki dunia huko Ostia, wakiwa safarini kurudi Afrika.

Lakini Monika naye aliipata wapi imani yake? Agostino anatuambia, na ni wachache wanaokumbuka ukurasa ule. Anasema kwamba mama yake hakuwa akimsifu sana mama mzazi kwa malezi aliyoyapata, bali kijakazi mmoja mzee wa nyumbani mwao, ambaye alikuwa ameshambeba mgongoni baba yake Monika zama zile baba huyo alipokuwa mtoto mchanga, kama wasichana wakubwa wanavyowabeba wadogo zao. Kila mama wa Kiafrika anaposikia habari hii huiona kwa macho yake bila ya kuchorewa picha. Mwanamke huyu, asiye huru, ambaye jina lake halikuandikwa, aliheshimiwa na mabwana zake kwa umri wake na kwa mwenendo wake wa Kikristo, wakamkabidhi binti zao awalee; na mikononi mwake alikua Monika, na kutoka kwa Monika akatoka Agostino, ambaye mapadri na wachungaji wanamsoma mpaka usiku wa leo. Damu yake haimo katika ukoo ule hata tone moja.

Nilipokuwa nikisoma juu ya jina lile lililonyonywa pamoja na maziwa, nilimkumbuka baba yangu mdogo wa Mombasa. Alirudi siku ya maziko ya bibi. Nani aliyempelekea habari sijui mpaka leo. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amevaa vizuri, mkimya, na tuliambiwa na mtu aliyefuatana naye kwamba kwa miaka mingi hakuwa akienda kanisani wala hakutaka kusikia habari zake. Usiku wa matanga, watu walipokaa uani na padri akawauliza watu wa nyumba kama wanataka kuwataja marehemu wao wawaombee, baba mkubwa alianza, naye kwa sababu ya huzuni akapotea katikati. Ndipo baba mdogo, akiwa ameketi pembeni kwenye kinu kilichopinduliwa, akaendelea: mume, wazazi, kisha wale wachanga, mmoja baada ya mwingine, kwa mfuatano ule ule wa alfajiri, bila ya kuruka jina. Alikuwa amelala kwenye kitanda kile cha kamba kabla yangu. Sisemi ya kwamba aliongoka usiku ule, kwa maana hakurudi kanisani, na baada ya matanga alipanda basi la Mombasa. Nasema tu kwamba yale majina yalikuwamo ndani yake muda wote huo, hata katika miaka ile ambayo bibi alikuwa akinyamaza kwa ajili yake, akidhani kwamba yamepotea pamoja naye.

Ni heri yetu sisi tuliokuwa na wazee wa kuwasikiliza. Wamekuwapo watoto katika pwani yetu hii ambao Ukristo uliwakuta bila ya mzee hata mmoja. Askofu Tozer alipohamishia Misheni ya Vyuo Vikuu Unguja mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano aliopewa na Sultani, watoto waliotolewa katika jahazi la watumwa; na baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, wamisionari wa CMS, chama kingine cha Kianglikana, walianzisha mwaka 1875 kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili watu waliookolewa na manowari za Kiingereza wapate maskani. Walitoka Uyao, walitoka Nyasa, walitoka mahali pengi, wengine wakiwa wadogo mno hata hawakuweza kulitaja jina la kijiji walikoibiwa. Mtoto wa namna hiyo hakuwa na bibi wa kumsikia alfajiri, hakuwa na kaburi la babu la kufagia, wala hakuwa na wa kumwambia yeye ni wa mlango gani. Baadhi ya walimu aliowakuta huko, watu kama William Jones na Ishmael Semler, walikuwa wenyewe Waafrika waliookolewa utotoni, wakalelewa Nasik katika Bara Hindi kabla ya kurejeshwa pwani hii. Yaani yatima wa jana ndiye aliyekuwa mzee wa yatima wa leo. Nami kila nipitapo Kengeleni, nikaitazama kengele ile ya Freretown iliyosimama mpaka sasa kando ya njia yenye kelele za magari, hufikiri juu ya watu wale waliolazimika kuanza ukoo kutoka mwanzo, wakawa mababu pasipo kuwa wamepata kuwa wajukuu.

Na waliweza. Mwenye kutaka hoja na aitazame nyumba moja tu, nyumba ya Mbotela. James Juma Mbotela, mtoto wa mtu aliyetekwa akaokolewa, aliandika habari zile katika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa kwa miaka mingi katika shule za Afrika ya Mashariki. Wataalamu wamekitia kitabu hicho makosani, na kwa sehemu wana haki, kwani kinawasifu Waingereza kupita kiasi na kuwahukumu Waarabu wote kwa pamoja. Mimi nakitazama kwa upande mwingine, nami naona mwana ambaye amekaa miaka mingi akimsikiliza baba yake, hata mateso ya baba na wokovu wa baba vikawa ni mali yake ya kuandika. Kisha hapo Freretown, mwaka 1940, akazaliwa mtoto mwingine wa nyumba hiyo, Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake Wakenya waliijua redioni kwa zaidi ya nusu karne, hadi alipofariki mwezi wa Februari 2025; na mzao huyo wa mateka ndiye aliyewauliza wananchi wenzake mwaka baada ya mwaka, katika kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kama wanatendeana inavyopasa. Hayakuwa mahubiri, ila mimi nilipokuwa nikimsikiliza nilisikia kijiji kizima cha wazee nyuma yake.

Kwa upande mwingine wa nchi yetu, ziwani, mambo yalikuja kinyume chake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata maradhi yale yaliwachukua akina baba na akina mama wa umri wa kufanya kazi, yakaacha watoto upande huu na vikongwe upande ule, pasipo mtu katikati. Freretown palikuwa na watoto wasio na wazee; Kagera palikuwa na watoto ambao hawakuwa na kitu ila wazee. Mwanamke aliyetazamia kupumzika alianza upya kuogesha watoto, kutafuta sare za shule, kulima kwa mgongo usionyooka. Nchi ile ilikuwa imekwisha kupitiwa na Uamsho, ule uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Bukoba, na watu wa Uamsho, wenyewe wakiitana ndugu, wana desturi ambayo wengine huiona nzito: huungama makosa yao kwa sauti mbele ya wenzao, na huwaomba radhi hata walio wadogo wao. Kwa hiyo wako watoto waliomsikia bibi yao akimwambia Mungu kwamba jana alimkaripia mjukuu kwa sababu ya uchovu na si kwa sababu ya kosa. Na wako waliomsikia akimwuliza Mungu, kama Ayubu alivyouliza, kwa nini amewachukua wote akamwacha yeye.

Nimewahi kuzungumza na mtu mmoja aliyelelewa hivyo, leo ni mwalimu mwenye familia. Nilimwuliza kama malalamiko yale ya bibi hayakuidhoofisha imani yake alipokuwa mdogo, kwa kuwa nilidhani kwamba mtoto huhitaji mzee asiyetikisika. Akanijibu kuwa ni kinyume. Kwamba katika kijiji chao watu wazima wote walikuwa wakiwaambia watoto "itakuwa heri", na mtu mmoja tu ndiye aliyesema kwa kinywa chake kwamba haiko heri, naye alikuwa akimwambia Mungu. Tangu hapo, alisema, alijua kwamba kuna mahali pa kuyapeleka. Sikuwa na la kuongeza. Naye si mtu wa maneno mengi, na hapo akaniuliza habari za bei ya kahawa.

Maadamu mambo ni hivyo, wasikilizaji wapenzi, yako maneno mawili ambayo ningependa kuyasema kwa walio mijini. La kwanza ni kwa vijana mliooa na kuolewa, wenye nyumba nzuri za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ambao mama zenu wanakuja kukaa nanyi mwezi mmoja miwili ili watibiwe macho au miguu. Nimewasikia baadhi yenu, kwa heshima yote na kwa nia njema, mkimwomba mzee asali ndani ya moyo wake kwa kuwa chumba ni kimoja na watoto hawajaamka. Na nimewaona wazee wakitii, kwa sababu ugenini mtu hufuata ya mwenye nyumba. Wakaketi kitandani kimya, kanga kichwani, midomo ikitikisika, na mtoto kando yao akaamka kwa saa ya simu bila ya kusikia jina lake likitajwa na mtu yeyote kwa yeyote. Nawasihi mumruhusu asali kama alivyozoea. Mtoto atakayeamka na aamke. Usingizi wa nusu saa ataulipa Jumamosi.

Na la pili ni kwenu wazee wetu, ambalo nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa kama inavyonipasa. Mtakapojua kwamba wajukuu wanawasikia, msigeuze sala ikawa mawaidha. Mtoto hutambua mara moja pale maneno yanayoelekezwa kwa Mungu yanapomgeukia yeye, na hapo huziba masikio. Mtajeni, kama mlivyokuwa mkimtaja, kisha mwendelee na jina linalofuata.